Mafuta Katika Kibanda cha Kumi na Saba

Tarehe 21 Mei, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, bata dume alipanda jiwe la gati letu akiwa na doa jeusi kifuani, ukubwa wa kiganja. Hadi saa mbili nilikuwa nimehesabu ndege kumi na wanne wenye madoa, na utando wa mafuta wa hatua mia mbili upande wa magharibi wa kisiwa.

Nina vibanda sitini na kimoja. Kila Mei bata wa baharini hutaga humo, hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani na kufunika mayai. Wakiondoka, tunayakusanya manyoya hayo na kushona mifarishi. Ukoo wa marehemu mume wangu umeishi hivyo kwenye pwani hii ya kaskazini ya Norwe tangu kabla ya kanisa kujengwa. Msimu wa kutaga una masharti: msumari haupigwi, nguo hazianikwi, anayekuja gatini huja kwa makasia, mgeni hakanyagi kisiwa, na mlinzi huvaa koti lile lile kila siku. Mimi pia huandika kila chombo kinachopita, kwa saa na dakika. Bata akishtuka, nataka kujua nani kamshtua.

Ukurasa wa tarehe 20 ulikuwa na mistari miwili. Saa mbili na robo asubuhi: meli ya mizigo Halmira, imesimama dakika ishirini nje ya ncha ya magharibi. Saa tisa alasiri: boti ya Torgils.

Torgils ni mdogo wa mume wangu. Hupeleka chakula kwenye vizimba vya kufugia samaki, na injini yake inavuja mwaka wa pili sasa. Nilikwishamwambia mara tatu.

Mchana Bentzen, mkaguzi wa pwani, alinipigia simu, nikamsomea ukurasa huo. Alitaka kushuka kisiwani kuchukua sampuli.

"Dakika kumi tu, Mama Ragnfrid."

"Dakika kumi zinatosha bata thelathini kutelekeza mayai. Nitaichukua mwenyewe."

"Basi iwe kwenye chupa ya kioo, safi kabisa. Halmira itakuwa bandarini hadi tarehe 28. Bila sampuli inayokubalika, siruhusiwi kufungua tangi lake hata moja. Ikiondoka, imeondoka."

Jioni Torgils alikuja kwa makasia, kama sharti linavyotaka, na chupa tatu za kioo. Alisema amezisuuza. Nikajaza moja mafuta ya ufukweni, naye akaipeleka bara.

Tarehe 25 Bentzen alipiga tena. Sampuli ilikuwa imekataliwa. Ndani mlikuwa na mafuta ya ini la samaki.

Kila nyumba hapa ina chupa ya mafuta hayo. Watu hunywa kijiko kila asubuhi ya majira ya baridi, na chupa haitupwi. Hilo lilieleza uchafu. Halikueleza kwa nini mleta chupa alikuwa yule yule mwenye injini inayovuja.

Kesho yake nilimngoja gatini.

"Shemeji, unanitazama kama mwizi wa kuku," alisema.

"Kuku sina. Nina bata, na baadhi yao wamekuwa weusi. Chupa zile uliziosha kwa sabuni?"

"Kwa maji ya moto. Nani hapa anaosha chupa ya mafuta ya ini kwa sabuni? Yanarudi humo humo."

Ni kweli, hata mimi sizioshi kwa sabuni. Lakini mtu anaweza kusema kweli moja ili kufunika nyingine.

"Basi mpe Bentzen mafuta ya injini yako ayapime."

"Wewe hata uji unaukagua kabla ya kuunywa."

"Uji haujawahi kunidanganya."

"Na yakionekana ni yangu?"

"Hutakanyaga hapa tena."

"Kisiwa cha baba yangu."

"Cha baba yako, ndiyo."

Nilimpa chupa niliyoichemsha mwenyewe. Akaijaza mbele yangu, mikono ikiwa imetulia. Mikono iliyotulia si ushahidi.

Kufikia hapo upepo ulikuwa umesafisha ufukwe. Mafuta yalibaki kwa ndege tu. Katika kibanda cha kumi na saba jike alikuwa amelalia mayai manne, na manyoya yaliyoyazunguka yalikuwa na weusi. Ningemwinua, asingerudi. Jike hutoka mwenyewe kunywa maji, mara moja kwa siku mbili au tatu, kwa muda usiofika robo saa. Nilikaa nyuma ya ukuta wa banda la mashua nikiwa na koti langu. Siku hiyo hakutoka.

Tarehe 27, saa nne na dakika nane asubuhi, alitoka. Nilichukua fungu la manyoya meusi, nikalitia katika chupa nyingine niliyoichemsha, nikaweka mahali pake manyoya safi ya mwaka jana. Mayai mawili yalikuwa na mafuta kwenye ganda, sikuyagusa. Alirudi saa nne na dakika ishirini.

Torgils alijitolea kunipigia makasia. Nilikataa, nikaenda bara peke yangu, saa mbili nzima, chupa zote mbili zikiwa katikati ya miguu yangu. Maabara iliikubali sampuli jioni ile ile. Asubuhi ya tarehe 28, kabla meli haijafungua kamba, Bentzen alipanda Halmira.

Barua ya majibu ilifika tarehe 6 Juni. Mafuta ya kwenye manyoya yalilingana na yale ya tangi la maji machafu la chumba cha injini cha Halmira. Hayakulingana na ya Torgils. Nilimsomea kwa simu.

"Isome tena," alisema.

Nikaisoma tena.

"Na injini yangu?"

"Bado inavuja."

Tarehe 13 Juni, saa tatu na dakika tano asubuhi, bata wa kibanda cha kumi na saba alishuka baharini na vifaranga wawili. Mayai mawili yalibaki, viza. Torgils alikuwa akija na shehena ya chakula cha samaki. Alizima injini nje ya ncha ya magharibi, akangoja mpaka walipovuka.