Mbaruku Kila Mstari

Kwa miaka mitatu fundi cherehani mmoja aliandika riwaya katikati ya sketi za watu. Mteja akishapimwa na kwenda zake, Fundi anasukuma kitambaa pembeni, anaivuta kompyuta kuukuu aliyoachiwa na bintiye, anaongeza aya mbili, kisha anarudi kwenye upindo. Kuna sketi zilizotoka dukani mle upande mmoja mrefu kuliko mwingine, kisa bibi harusi wa sura ya sita alikuwa amekataa kutoka chumbani. Wateja walinung'unika, akawafumulia, akawashonea upya, na riwaya ikasonga mbele.

Riwaya hiyo ilikuwa na wasomaji, au tuseme ilikuwa na watu waliosema wameisoma. Walikuwa kundi la kwenye simu lililoitwa Kalamu Zinazotambaa, watu arobaini na kitu wasiowahi kuonana kwa macho, kila mmoja na kitabu chake kisichokwisha. Waliozungumza kila siku walikuwa watano tu. Kulikuwa na Fundi mwenyewe. Kulikuwa na Mwalimu, mstaafu aliyeliongoza kundi kama darasa la tatu. Kulikuwa na Nesi, aliyeandika mapenzi wakati wa mapumziko ya chai wodini, na Kinyozi, ambaye katika hadithi zake hakuna mtu aliyewahi kupona. Wa tano alikuwa Mlinzi wa ghala, mtu wa maneno machache, aliyeandika nyuma ya daftari kuukuu la wageni na kupiga picha ukurasa mmoja mmoja.

Sheria ya kundi ilikuwa kutiana moyo, na moyo walitiana hasa. Ukiweka sura, dakika mbili hazipiti, zinamiminika: Kazi nzuri. Hongera sana. Inazidi kunoga. Makofi, moto, maua.

Fundi alianza kuingiwa na wasiwasi alipoweka sura ya nne mara mbili kwa bahati mbaya, na mara ya pili akaambiwa kwamba hii imeipita ile ya jana. Alicheka, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni. Sifa hakuwa na shida nazo. Alichotaka ni mtu mmoja tu, asiye ndugu yake, aifuate hadithi ile kutoka neno la kwanza hadi la mwisho na kuijua. Ndugu alishawakatia tamaa. Mume wake alikuwa ukurasa wa kumi na moja tangu mwaka juzi.

Ikafika siku ya mwisho ya kupeleka miswada. Kampuni moja ya uchapishaji ilikuwa imetangaza kwamba itachagua riwaya moja na kuitoa kitabu, na baada ya saa kumi kamili jioni haitapokea kitu tena. Asubuhi hiyo mume wake, akifunga kamba za viatu, akauliza kwa upole, "Mama watoto, yule mchumba mlafi wa kwenye kitabu chako bado anaitwa Ali?"

"Ndiyo."

"Na mdogo wangu anaitwaje?"

Huyo naye aliitwa Ali. Shemeji yake alikuwa na desturi ya kupita "kusalimia tu" kila chakula kinapoiva, na salamu zake zilianzia jikoni, kwenye mifuniko ya sufuria. Mchumba wa kwenye riwaya naye alifunua sufuria za ukweni kabla hajaambiwa karibu. Fundi aliapa kwamba hakumfikiria shemeji hata kidogo, na nusu ya kiapo hicho ilikuwa kweli.

"Atajijua," mume alisema. "Na akijijua, mimi ndiye nitakayesemwa."

Basi Fundi akafungua duka mapema, akawasha kompyuta, akaenda pale penye kutafuta na kubadilisha. Aliwahi kuonyeshwa na bintiye. Kwenye kisanduku cha juu akaandika Ali. Cha chini akaandika Mbaruku, jina zito, ambalo ukoo mzima hawakuwa nalo. Akabonyeza Badilisha Zote. Kompyuta ikafikiri, ikatetemeka, ikaleta taarifa: mabadiliko elfu nne mia nane na kumi na mawili.

"Kumbe nimemtaja mara nyingi hivyo," Fundi alijisemea, akafurahi. Hakufungua hata ukurasa mmoja. Akalituma faili kundini na maneno haya: Wapendwa, huu ndio mswada kamili, kurasa mia mbili na arobaini. Leo naupeleka. Niombeeni.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika mbili Kinyozi akaweka moto. Ya tatu, Mwalimu akaandika: Lugha sanifu, hongera. Ya nne, Nesi: Nimeisoma yote kwa mkupuo, machozi yananitoka.

Fundi akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia usoni. Mia mbili na arobaini kwa dakika nne? Akafungua faili mwenyewe, pale mwanzo, mchumba anapoingia nyumbani kwa wakwe. Akakuta hivi: *Mbarukusimama mahMbaruku pale, akauliza swMbaruku kMbaruku.*

Alidhani macho yake yana kasoro. Akateremka chini. *Bibi harusi Mbarukulia. TafadhMbaruku, Mbarukusema, usiniache.* Akateremka tena, akakuta hata shangazi wa bibi harusi, kipenzi cha kitabu kizima, katika sura ya tano hakufariki bali Mbarukufariki.

Lile jina fupi lilikuwa limejificha ndani ya kila aliyekuja, kila aliyekwenda, kila aliyelala na aliyeamka, ndani ya asali, serikali na mahari ya ghali. Nani angeandika hadithi ya zamani bila "ali"? Na kompyuta, kama kibarua mtiifu asiye na akili, ilikuwa imeling'oa kote ilikolikuta na kumpandikiza Mbaruku.

Akaandika kundini: Nesi, machozi yamekutoka ukurasa wa ngapi?

Watu watatu walionekana wanaandika, wakaacha, wakaanza tena.

Wa kwanza kujikaza alikuwa Mwalimu. "Fundi, nimefungua sasa hivi. Kwa kweli mwanzo nilidhani umetumia lahaja."

"Mimi nilidhani Mbaruku ni jini," Kinyozi aliandika. "Anaingia kwenye maneno."

Nesi alichukua muda zaidi. "Dada, nisamehe. Sijasoma. Huwa sisomi. Huwa naangalia urefu, kama ni ndefu naweka machozi."

Lilikuwa jambo la aibu, na aibu ile ikawafanyia kazi kuliko sheria zote za kundi. Fundi akawaeleza jinsi Ali alivyogeuzwa Mbaruku, na Mwalimu akagawa sura kumi na mbili papo hapo: yeye ya kwanza hadi ya tatu, Nesi ya nne hadi ya sita, Kinyozi ya saba hadi ya tisa. Zilizobaki zikakosa mtu. Ndipo Mlinzi, aliyekuwa hajasema kitu asubuhi yote, akaandika neno moja: "Nipeni." Mwalimu akaagiza kila mtu afute Mbaruku mmoja mmoja kwa mkono na kurudisha ali, amwache pale tu anapotajwa mtu mwenyewe. Mwisho saa tisa na nusu.

Wakajifunga vibwebwe. Kinyozi alinyoa kwa mkono mmoja na kusahihisha kwa mwingine, hadi mteja mmoja akatoka na mstari wa nywele usiojulikana unaelekea wapi. Fundi hakuthubutu kugusa sindano. Alikaa mbele ya cherehani roho juu, akiitazama simu.

Saa sita mchana binti yake akapita kumletea chakula, akamkuta mama amejiinamia. Akaelezwa mkasa wote. Akacheka mpaka akakalia lundo la sare za shule.

"Mama, kwani juzi si ulinitumia nikuhifadhie? Ninayo safi kabisa. Ni kubadilisha tena jina, safari hii unaiambia itafute neno zima. Dakika moja tu."

Akakaa kwenye kompyuta, akafanya, na kweli dakika haikuisha. Riwaya ikarudi kama ilivyokuwa, Mbaruku akiwa mtu mmoja tu, mlafi. Fundi alitaka kulia kwa furaha. Akashika simu awaambie wenzake waache, wapumzike, mambo yamekwisha.

Lakini kwenye simu palikuwa na ujumbe wa Nesi. "Jamani, huyu bibi harusi mbona anavumilia hivi? Mimi ningeshaondoka zamani." Chini yake Mwalimu: "Usimlaumu, hujui alivyolelewa. Soma sura ya pili." Na Kinyozi: "Mnaongea nini? Mimi nimeanzia ya saba, kwangu shangazi anatajwa tu, hayupo. Shangazi yuko wapi?"

"Amekufa," Nesi alijibu. "Nimemzika mimi mwenyewe sura ya tano. Nimelia chooni, na safari hii kweli."

Fundi akaiweka simu chini taratibu.

"Huwaambii?" binti aliuliza.

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Kula wewe," Fundi alisema, ingawa chakula kilikuwa chake. Alijua anafanya jambo baya. Watu wazima wanahangaika, mmoja wao yuko kazini kwenye wagonjwa, na yeye ana nakala safi pembeni ya kiwiko. Lakini walikuwa wanasoma. Miaka mitatu, na leo ndiyo kwanza watu wanasoma. Asingeweza kuwakatiza hata kama duka lingeshika moto.

Saa nane Mlinzi akaandika, na kwa Mlinzi mistari miwili ilikuwa hotuba. "Sura ya kumi na moja, ukurasa wa 219, shangazi anawamiminia wageni chai. Nauliza tu, kwa sababu nasikia amezikwa."

Fundi akakimbilia nakala yake safi. Alikuwepo. Shangazi, marehemu wa sura ya tano, alikuwa amesimama na birika mkononi, mzima wa afya, anauliza nani hatumii sukari. Miaka mitatu Fundi alikuwa ameupita ukurasa huo bila kumwona, na kama angeutuma mswada saa sita kwa furaha yake, wachapishaji wangekunywa chai ya maiti.

"Mtoe," alisema Mwalimu. "Chai imiminwe na jirani."

"Jirani gani tena? Watu wamejaa humo," alisema Kinyozi. "Chai imwagike, birika lilipuke."

Mlinzi akaandika: "Amimine Mbaruku. Tangu kitabu kianze anakula vya wenzake tu. Hajampa mtu kitu. Hapo ndipo bibi harusi amwone akimmiminia mwenzake kwanza."

Fundi akaisoma mistari ile mara mbili. Alikuwa amehangaika na mwisho ule miezi minne, akijua haujakaa sawa, asijue kwa nini bibi harusi abadili mawazo. Na sasa mtu wa getini, baina ya lori moja na jingine, ameuona. Akafungua nakala safi, akamtoa marehemu, akampa Mbaruku birika. Mbaruku alimmiminia mwenzake kwanza, chai ikamwagikia kisahani, na bibi harusi akaona. Aya tatu zilitoka kwa mara moja.

Sura zote zilirudi kabla ya saa tisa na nusu, zimejaa maoni pembeni. Nesi alikuwa amerekebisha jinsi mgonjwa wa sura ya sita alivyochomwa sindano. Mwalimu alikuwa amehamisha koma mia tatu. Fundi akayachukua yote yaliyofaa, akayatia kwenye nakala safi, na saa kumi kasoro dakika nane mswada ukaondoka.

Kisha akajikaza. Akaandika: "Wapendwa, nina la kuungama. Nakala safi nilikuwa nayo tangu saa sita. Niliwaacha mhangaike kwa sababu mlikuwa mnasoma. Mnitukane, ni haki yenu."

Alingoja kutukanwa. Jibu lilitoka kwa Mwalimu.

"Fundi, mimi tangu saa nne nilijua dawa yake. Ni kutafuta Mbaruku na kurudisha ali, kisha kumalizia machache kwa mkono. Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshafika wakwe wanapokataa posa, na ningesema, mngeacha, nisingepata mtu wa kubishana naye."

Kinyozi akaweka vicheko safu tatu. Nesi akasema wote wawili ni watu wabaya, na akaomba atumiwe sura zilizobaki, zile safi, maana alikuwa hajui kama watu walioana.

Fundi alikuwa anafunga duka simu ilipolia tena. Ulikuwa ujumbe wa faragha, kutoka kwa Mlinzi.

"Samahani kwa usumbufu. Ulibonyeza wapi?"

"Wapi nini?"

"Hapo palipoharibu. Na mimi kijana wangu amenipigia chapa ile yangu kwenye kompyuta. Sina mtu anayeitwa Ali, lakini mke wa dereva naweza kumwita Ana. Nimehesabu. Ana yumo kwenye kila anayekuja na kila anayekwenda. Nikimbadilisha jina, itaharibika vizuri tu."

Fundi alicheka peke yake, funguo mkononi, halafu kicheko kikamwishia. Riwaya ya Mlinzi ilikuwa imewekwa kundini ukurasa mmoja mmoja kwa miaka miwili. Akarudi nyuma kwenye mazungumzo, akakuta picha zile za daftari la wageni, mwandiko mdogo ulionyooka, na chini ya kila moja maneno yake mwenyewe, Fundi: Kazi nzuri, kaka. Inazidi kunoga, kaka. Hakukumbuka hata dereva alikuwa anakwenda wapi. Aliona aibu, ile ile iliyowapata wenzake asubuhi, na ya kwake ilikuwa kubwa zaidi.

Akaandika: "Usiiharibu, kaka. Nitumie kama ilivyo. Nitasoma."

"Yote?"

"Yote."

Pengine lori lilikuwa limefika getini. Kisha faili likaingia, na maneno nyuma yake: "Basi anzia sura ya tatu. Mbili za mwanzo zinachosha."

Fundi akafungua tena mlango wa duka, akakaa juu ya kiti cha cherehani, akaanzia ya kwanza. Zilikuwa zinachosha kweli. Akamwandikia hivyo hivyo, na akamwonyesha ni wapi.