Duara Kwenye Kisahani

Duara lenyewe lilikuwa dogo kama kifungo cha shati. Kisahani kizima cha maabara kilijaa vijidudu, utando kama maziwa yaliyoganda, isipokuwa pale katikati nilipodondosha tone langu. Pale palikuwa safi, kama mtu amepafuta kwa kidole.

Tone hilo lilitoka kwenye maganda ya kamba wa baharini. Shangazi, mpishi wa hotelini, aliniletea mfuko mzima. Nyumba ikanuka mpaka baba akahamia barazani. Niliyaloweka kwenye asidi, nikayachemsha na soda kali ya kutengenezea sabuni, vikabaki vipande vyeupe vyepesi kama karatasi. Vikiwa hivyo hivyo, havikuua kitu. Mwalimu wa kemia ndiye aliyenielekeza: molekuli ya ganda ni mnyororo mrefu wa asili, unaupachika kipande kingine cha kemikali, kama kushona kulabu kwenye uzi, ndipo unayeyuka majini na kunasa vijidudu.

"Kuna watafiti wanajaribu kulabu za namna hiyo kwa seli za saratani," aliniambia. "Kwenye visahani tu, lakini."

Mwalimu mkuu alisikia neno moja. Siku ya wageni akatundika bango ukumbini: WANAFUNZI WETU WAPATA DAWA YA SARATANI.

Shangazi alikaa safu ya pili, kitambaa kichwani, nywele zimeisha kwa dripu za saratani. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia, "Jumatatu siendi tena hospitali. Dawa ya kwao inanitapisha. Nitakunywa ya kwako."

"Haya, Bubu, panda," mwalimu mkuu akasema. Shule nzima inaniita hivyo. "Soma bango, ushuke."

Nikapanda. Maikrofoni ikapiga yowe, watu wakacheka.

"Hii siyo dawa ya saratani," nikasema.

"We binti! Wageni hao!"

"Imeua vijidudu kwenye kisahani, basi. Saratani hatujaigusa." Nikamtazama mtu mmoja tu. "Shangazi, Jumatatu unaenda hospitali."

Mwalimu mkuu akanyoosha mkono achukue maikrofoni. Nikaikumbatia. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani huitikia kwa kidole.

"Unaenda, huendi?"

Shangazi akainuka taratibu, ameshika kiti cha mbele.

"Kumbe una mdomo!" akasema. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akachukua pochi yake, akatoka bila kugeuka.

Mwalimu mkuu alinipa adhabu ya kufagia ukumbi. Nikaanza na bango.

Jumatatu nilipofungua mlango, nilikuta mfuko wa maganda kizingitini, bado unachuruzika maji. Kando yake alikaa shangazi, ndoo ndogo ya kutapikia mapajani.

"Nishikie hii," akasema. "Hayo utayachemsha tukirudi. Na usinitazame hivyo, sijafa. Twende."