Nusu Nyingine ya Kidonge

Kaka yangu Hironimus alikuwa amewekewa mpira wa mkojo tangu Kwaresma. Mfuko wake aliufunga pajani kwa kitambaa, akashonewa suruali pana na fundi wa mtaa wa Majengo, na bado hakutoka nje ya ua wake pale Bombambili. Mjukuu wake Leticia alikuwa anaolewa Peramiho mwezi wa sita, na yeye ndiye aliyetakiwa kumshika mkono mpaka altareni, maana baba wa mtoto alishafariki. Kwa hiyo tuliposikia kambi ya madaktari bingwa imefika mjini na wanapasua tezi dume, kaka alinyoa ndevu asubuhi hiyohiyo.

Tulikwenda watatu: yeye, mke wake Aurelia, na mimi. Aurelia ni wifi yangu, na hatujawahi kuketi pamoja bila kutaniana.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia kaka shikamoo kabla hata hajafungua faili, akauliza habari za presha, sukari, kikohozi. Kisha akasema, "Mzee, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna. Mimi dawa sili."

Wala hakudanganya. Kwake yeye dawa ni ile iliyoandikwa jina lako kwenye bahasha.

Nikamgusa Aurelia kiwiko. "Unaona? Wewe una mfuko mzima wa vidonge, mwenzako hana hata kimoja. Nani mzee hapa?"

"Hana vyake!" akacheka wifi. "Vyangu ananisaidia kula."

Daktari akaweka kalamu chini. "Vidonge gani, mama?"

Hapo ndipo yalipotoka. Mwaka juzi Aurelia alipata kiharusi kidogo, upande wa kushoto ukalegea, akaandikiwa aspirini, nusu kidonge kila siku. Akawa hataki. Alisema kinamkumbusha kwamba ni mgonjwa. Kaka akamwambia, basi tule wote. Tangu hapo, kila wakimaliza uji wa ulezi, kaka alikivunja kidonge kwa kisu cha kumenyea viazi, nusu ya mke, nusu yake, wakameza kwa pamoja huku wanatazamana kama watoto. Mimi niliona ni mapenzi. Hata leo naona hivyo.

"Mara ya mwisho lini, mzee?"

"Leo, baada ya uji."

Daktari akajifuta uso. Akatueleza taratibu, nami nilimsikiliza neno kwa neno. Kwenye damu kuna chembe ndogo mno, zinaitwa chembe sahani. Mshipa ukikatwa, zinazofika kwanza zinatoa kemikali ya jamii ya prostaglandini, nayo ndiyo mwito. Chembe nyingine zina vipokezi, tuseme masikio, vya kuupokea mwito huo. Zikiusikia zinakuja mbio, zinashikamana, zinaziba.

"Aspirini haigusi masikio," alisema. "Inafunga mdomo. Masikio yako wazi yanasubiri, ila wa kuita hayupo. Na chembe ikishanyamazishwa hairudi kusema mpaka ife, izaliwe mpya."

"Kwa nusu tu?" kaka akauliza.

"Nusu inatosha kabisa. Tezi ina damu nyingi, mzee. Nikikupasua leo sijui nitaizuiaje. Uache, tusubiri wiki na zaidi. Mama asiache, yeye inamlinda."

"Na nyie mnaondoka lini?"

"Ijumaa hii. Tutarudi baada ya Krismasi."

Tulitoka hadi kwenye benchi la nje. Kaka hakutaka kukaa.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Aurelia."

"Ningenyamaza ungefia mezani."

"Leticia atashikwa mkono na nani?"

Nikamwambia aende hivyohivyo, suruali ni pana, nani atauona huo mfuko?

"Unanuka, Emerensiana," akaniambia polepole. "Mimi mwenyewe naunusa."

Sikurudia tena kumsihi. Labda ilinipasa nirudie.

Siku ya harusi Aurelia ndiye aliyempeleka Leticia altareni. Alitembea akiegemea upande, mguu wa kushoto unaburuta kidogo kwenye sakafu, na bibi harusi akawa anapunguza mwendo kumngoja bibi yake. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma yao, nafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Tuliporudi Bombambili jioni tulimkuta kaka sebuleni, amevaa koti na tai, viatu vimepigwa rangi. Peke yake.

"Waliniulizia?"

"Waliuliza," Aurelia akajibu.

"Ukasemaje?"

"Nikasema una mafua."

Akatikisa kichwa. Akavua tai, akaitazama mkononi.

"Nilivaa nikitaka kuwafuata," akasema. "Nikafika mlangoni nikarudi. Nani angeninusa mimi, jamani? Watu wote wangekuwa wanamwangalia mtoto."

Wifi akavua viatu, akaketi kando yake.