Wino wa Rais

Jumatatu saa tatu asubuhi Ismay Quashie, muuza mikate ya dengu wa mji wa Arima, alifika Ikulu na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na ungamo la mtu aliyekiri, siku mbili kabla ya kufa, kwamba ndiye aliyeua mlinzi wa ghala. Kwa kosa hilo mtoto wa Ismay, Kerwin, alikuwa kifungoni mwaka wa kumi na tisa.

Rais Beharry alilisoma ungamo mara mbili, akavua miwani.

"Huyu hana hatia."

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Msamaha si hutoka kwa jina lako?"

"Kwa jina langu, ndiyo."

Akatia saini kwenye hati. Wino ulikaa kidogo juu ya karatasi, kisha ukarudi kalamuni, herufi ya mwisho ikitangulia. Bi Lystra, katibu wake, aliendelea kupanga kadi za mwaliko.

"Waziri husika hajashauri msamaha huu," alisema. "Asiposhauri, wino haukai. Tumejaribu mpaka kalamu ya risasi."

"Huyo waziri yuko wapi?"

"Kwenye kampeni, mama. Wafungwa hawapigi kura."

Rais alijaribu tena, akikandamiza kalamu kama mtu anayewasha jiko lililoishiwa gesi. Wino ukarudi. Bi Lystra akamsogezea sheria ya kuongeza mishahara ya mawaziri, ambayo mawaziri wenyewe walikuwa wameishauri. Saini ilikauka kabla hajainua mkono.

"Sasa wewe unaweza nini, baba?" Ismay aliuliza. Hakuwa akimkejeli, alitaka kujua.

Rais alivuta karatasi tupu.

"Maseneta tisa nateua mwenyewe, simwulizi mtu. Kiti kimoja kiko wazi."

"Mimi nimekuja kumchukua mwanangu."

"Najua. Nakupa nilichonacho."

Akaandika jina la Ismay, akatia saini. Wino ukakaa.

Siku ya pili Ismay aliapishwa kwenye Baraza la Seneti. Alisimama akasoma ungamo lote, polepole, akirudia sentensi kila alipoona maseneta wenzake wamesinzia. Wakampigia meza kwa heshima. Akaomba Baraza limtake waziri ashauri msamaha. Maseneta wa serikali walikuwa wengi zaidi. Wakakataa, kisha wakamkaribisha chai.

Jumamosi alikwenda gerezani. Askari wa langoni, aliyemzoea miaka yote hiyo, alipiga saluti.

"Mheshimiwa Seneta! Leo tumebarikiwa!"

"Acha maneno, fungua."

Askari alifungua bakuli la wali wa kuku aliloleta Ismay, akauchokoachokoa kwa kijiti kama kawaida, akamwonyesha mwisho wa foleni.

Kerwin aliketi upande wa pili wa wavu. Ndevu zake zilikuwa zimeanza kuota mvi.

"Nasikia umekuwa mkubwa, Mama."

"Ndiyo," Ismay alisema, akipitisha bakuli chini ya wavu. "Kula. Tumebakiwa na dakika ishirini."