Bandari ya Vudee

Mwenyekiti wa kijiji, Rodrick, aliitisha msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, twende tukafukie ndiva. Ndiva ni bwawa letu la udongo, lilichimbwa na babu zetu. Maji hulala humo usiku, asubuhi yanashushwa mashambani kwa zamu. Viongozi wamepataka pale malori ya tangawizi yapakilie. Wameshapaita Bandari.

Desturi inataka mtu wa ukoo wetu apige jembe la kwanza, iwe kuchimba au kufukia. Nikaitwa. Nilikuta watu wamejaa ukingoni, wanacheka.

"Bandari milimani!" alisema jirani yangu Honorata. "Meli itapandia wapi?"

Asheri, aliyebeba mizigo Tanga miaka mingi, akamjibu. "Dada, bandari siyo maji. Ni pale mzigo unaposhuka chombo hiki ukasubiri kingine. Mzigo ukilala, mwenyewe naye atalala, atakula, atanunua. Ndivyo miji ya pwani ilivyokua. Siku hizi zipo bandari kavu, bara kabisa."

Alieleza vizuri kuliko mwenyekiti. Mimi neno sina ugomvi nalo, wakubwa wanayo mengi. Nilikuwa na maharage. Shamba aliloliacha marehemu mke wangu Devotha liko chini ya ndiva, na ndilo linalonilisha.

"Shikamoo, mzee Gideoni," alisema Rodrick.

"Marahaba. Maji yangu yatapita wapi?"

"Bomba linakuja, mzee. Liko kwenye mpango."

"Hata gari la wagonjwa la kumchukua Devotha lilikuwa kwenye mpango."

Akatazama viatu vyake. "Piga jembe basi, mzee wangu. Jua linapanda."

"Leo zamu ya maji ni yangu," nikamwambia.

Zamu ya mtu haikatizwi, hata yeye anajua. Nikaweka jembe chini, nikang'oa gogo linaloziba mdomo wa ndiva. Maji yakashuka. Watu wakakaa juu ya mipini yao kungoja.

"Kesho ni mimi," alisema Honorata.

"Mimi Alhamisi," alisema Asheri.

"We Asheri, si ulikuwa unatufundisha bandari?"

"Nilikuwa naeleza tu, dada. Mahindi yangu hayajui bandari."

Wakaanza kutajana, nani anamfuata nani, mpaka wiki ikajaa na nyingine ikaanza. Rodrick akasema wazungumze mmoja mmoja. Hakuna aliyemsikia.

Mimi nilikuwa nimeshashuka. Mfereji ulikuwa unavuja karibu na maharage, nikauziba kwa udongo.