Aliyeitikia Shikamoo ya Darasa la Sita

Usiku wa jana niliota kikao cha walimu kinafanyika ndani ya sanduku la chaki. Tumesimama wima, tumebanana, na Mwalimu Mkuu Nyangeta anatuomba tusiegemeane, tutavunjika.

Ajenda ni moja. Akili mnemba imeomba Darasa la Sita, darasa langu la Kiswahili, nami nimeitwa kusikiliza ninavyonyang'anywa.

Mwombaji yupo. Amechomekea shati, hana uso, na chai ya saa nne haigusi. Hilo limewaudhi wenzangu kuliko yote.

Mwalimu Kibasso anasimama kupinga. Anasema mashine hii itawalemaza watoto, hawatafikiri tena. Anasoma hotuba aliyoandikiwa na mwombaji mwenyewe, naye anamsaidia taratibu: "Hapo pumua, mwalimu." Kibasso anapumua. Tunapiga makofi.

Mwalimu Tunsume anaikubali mashine, ili mradi imshikie zamu majira ya mvua.

Chaki nyekundu, katibu wa kikao, inasoma kanuni: atakayeitikia shikamoo ya darasa ndiye mwalimu.

Mara tuko darasani. Hakuna aliyetembea. Watoto wanasimama. "Shikamoo, mwalimu."

Mashine haiitikii. Inawauliza umri. Nyamizi, wa dawati la mbele, anasema ana miaka kumi na miwili. Mashine inatafakari, kisha inainama.

"Mimi nimezaliwa juzi," inasema. "Shikamooni."

"Marahaba," anajibu Nyamizi. "Keti."

Inaketi. Nafurahi mapema mno. Kwa kanuni ile, mwalimu sasa ni Nyamizi, na ananigeukia mimi.

"Wewe darasa hili unalitaka la nini?"

Mashine inaninong'oneza jibu zuri, lenye hoja tatu na hitimisho. Naliacha lipite.

"Insha yako ya mbuzi wa bibi ilikatwa na kengele," nasema. "Nataka kujua kama mbuzi alirudi."

Nyamizi anafikiri kwa muda mrefu, kama wanavyofikiri watu wasio na wa kumwuliza.

"Sijui bado. Nenda nje upige magoti, usubiri niandike."

Napiga magoti uwanjani. Mashine inakuja kupiga magoti kando yangu, ingawa hakuna aliyeiadhibu. Inatazama ninavyokunja uso.

"Shikamoo, mwalimu," inasema. "Hizi kokoto zinaumaje?"

"Marahaba," nasema kabla sijajizuia, na hapo hapo najua nimepata darasa. Naanza kueleza maumivu, polepole, kwa mifano. Mwanafunzi ana maswali mengi na hana magoti.

Nimeamka chini ya chandarua, juu ya shuka safi. Nimefunua magoti. Yana vishimo vyekundu, na kokoto moja bado imenasa kwenye ngozi.

Sijaitoa. Kipindi cha kwanza nina Darasa la Sita.