Sanduku la Seremala Juu ya Paa

Seremala alikuwa mtu wa mistari. Hata mkate aliupima kwa jicho moja kabla ya kuukata. Katika bustani ya wapangaji, juu ya paa la jengo, sanduku lake la mbao lilikuwa refu kama kitanda, na mboga zake zilisimama kama askari kwenye gwaride.

Wiki moja kabla ya kufariki alipanda mbegu humo, akakataa kumwambia mkewe ni za nini.

"Utaona zikiota," alisema, akicheka peke yake. "Na utaninunia."

Mkewe ni mshonaji, ghorofa ya tatu. Alipomaliza matanga na kupanda tena paani, alikuta udongo umekauka kama tofali. Akaanza kumwagilia kila asubuhi. Hakuna kilichoota.

Msusi wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye msimamizi wa bustani, alimfuata na kuanza kuzunguka mbuyu.

"Shoga, wapo wanaongoja nafasi. Sanduku likikaa tupu hupewa mwingine. Hata marehemu aliinua mkono tulipokubaliana."

"Nipeni mpaka mkutano ujao."

"Na pasipoota kitu?"

"Mtachukua. Ila nataka kujua alinipandia nini. Hilo tu."

Msusi akashuka bila neno. Kimya hicho kilikuwa cha kutiliwa shaka, maana mdomo wake haupumziki hata akiwa ameuma kichana.

Siku zikapita, maji yakamwagwa, vichipukizi visivyotambulika vikaanza kuchomoza. Asubuhi moja mshonaji alikuta sanduku limejaa kijani. Moyo ulimruka, kisha ukatua vibaya. Maharage yalikuwa huku na huku. Boga lilijitutumua pembeni. Mchicha ulikuwa umesongamana kama nywele zisizochanwa. Mumewe asingepanda ovyo hivyo hata angefumba macho.

Wenzake walikuwa paani wakipalilia.

"Nani kapanda maharage humu?"

Dereva wa lori akajikuna kisogo. "Shemeji, nilitia punje chache tu. Nilikuona unamwagilia udongo mtupu, roho ikaniuma."

"Kumbe na wewe?" msusi akamgeukia. "Mimi nimetia boga."

"Boga kwenye sanduku!" akasema mwalimu mstaafu. "Litameza kila kitu, mwanangu."

"Na mchicha, mwalimu?" mshonaji akauliza. "Wa nani?"

Mwalimu akatazama mawingu kwa makini sana.

Mshonaji alitaka kukasirika. Sasa angejuaje kilicho cha mumewe? Akapindua ndoo, akaikalia.

"Haya. Kila mtu ang'oe chake."

Wakapiga magoti, wakang'oa huku wakibishana. Dereva alitupiana maneno na mwalimu juu ya mche mmoja ambao mwishowe ulikuwa gugu. Mchicha ulipoondoka, katikati ya sanduku ikabaki miche midogo ambayo ilikuwa imefichwa chini yake.

"Hii ya nani?" akauliza msusi.

Kila mmoja akatikisa kichwa. Miche ilikuwa imenyooka kutoka ubao hadi ubao, kana kwamba imevutiwa kamba.

Mwalimu akainama, akashika jani. "Bamia."

Mshonaji akafunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika. Msusi akamkumbatia haraka, akidhani analia. Kumbe alikuwa anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Ameniweza," alisema alipopata pumzi. "Tangu anioe nimekataa ule utelezi mezani kwangu. Akawa ananiambia, ipo siku utakula tu."

"Na utakula?" akauliza dereva.

"Nitakula nimenuna, kama alivyotaka."

"Na boga langu?" msusi akauliza kwa sauti ndogo.

Mshonaji akalitazama lile boga, likiwa bado limejibanza pembeni. Msusi hakuwa na moyo wa kuling'oa.

"Liache. Likivuka mstari tutalikata."

Akajaza kopo maji, akaanza kumwagilia mche wa kwanza.